Kucha ya Time binti Kombo

Wallahi haya sikuhadithiwa. Yamenifika mwenyewe, hapa Msuka, mchana kweupe, mihogo ikichemka jikoni. Mie skuli sikukaa sana, na sura za watu hunipotea, lakini jina la mtu halinipotei. Ndiyo maana naogopa.

Mjukuu wangu Raya alikuwa na mimba ya miezi saba, na mimba ile ilitaka udongo tu. Akapiga hodi mwanamke wa makamo, mkononi kashika jiwe jeupe linaloteleza kama sabuni.

"Mja mzito na ale hili, mtoto atatulia." Akalikwangua kwa kucha, akampa Raya unga wake kiganjani.

Kwetu mgeni haulizwi jina kabla ya kunywa maji. Nikaenda mtungini. Narudi, Raya kesha kulamba, jiwe kaachiwa, na mgeni yuko mlangoni anatoka. Ndipo nikamuuliza.

"Time binti Kombo, wa Kojani."

Niaminini. Time binti Kombo wa Kojani nilimwosha mie, na Bi Riziki, na Bi Asha Faki. Alikufa na mimba yake tumboni. Kucha ya gumba lake la kulia ilikuwa imepasuka katikati tangu usichana. Nikatoka mbio. Njia tupu!

Jiwe nikalipeleka Gombani kwa mjukuu wangu mwengine, Zuwena, kazi yake kuchunguza mawe.

"Bibi, na wewe umeanza kula udongo?" akacheka.

Akakata kipande chembamba kuliko ganda la kitunguu, akakibandika kwenye kioo, akakitia kwenye hadubini, nami akanitazamisha. Rangi zinawaka, waridi na kijani. Akizungusha kidogo, zinazima kiza. Akizungusha tena, zinawaka.

"Talki hii, jiwe la poda. Laini, hata kucha inalichora." Halafu akaacha kucheka. Ndani mlikuwa na vijisindano chungu nzima. "Hili si la kuliwa, Bibi. Hata vumbi lake usivute, sindano hizi huchoma mapafu."

Akaligeuza pande lililobaki. "Nani kalikwangua? Kucha yake imepasuka."

Kila mkwaruzo ulikuwa mistari miwili, sambamba.

Raya kajifungua, alhamdulillahi, mtoto wa kike, mzima. Lakini kucha ya gumba la kulia ina ufa katikati. Baba mtu anataka aitwe Time, jina la mama yake mwenyewe, Time mwengine. Nimekataa, tumenuniana, na sababu siwezi kuisema mbele ya Raya.

Nanyi wenye waja wazito majumbani, mgeni muulizeni jina kabla hajavuka kizingiti. Maji yatamsubiri.