Ndoo Iliyosubiri Mtandao

Mimi ni baharia wa meli ya mizigo kati ya Mwanza na Ukerewe, na nilijitolea kuwapimia watafiti joto la ziwa. Niliambiwa nichote maji katikati ya safari, nipime, nitume namba kwa simu papo hapo. Hilo "papo hapo" nikalishika kama amri ya jeshi. Kule katikati hakuna mtandao, basi nikawa nachota ndoo, naihifadhi, na kuipima tukishaiona Mwanza, penye mtandao, ili nipime na kutuma kwa pamoja.

Wiki ya tatu Neema, mtafiti mwenyewe, akapanda meli akiwa na ripoti aliyoiandika nusu: maji ya katikati yana joto la ajabu. Nilipiga shati pasi. Nikamdokeza kapteni kuwa huenda nikaitwa semina.

Tulipofika katikati, Neema akatumbukiza kipimo chake, akakunja uso. "Mbona ya baridi, kaka? Wewe huwa unapimia wapi?"

Kapteni akanijibia. "Chumba cha injini. Ndoo huwa anaiweka kule isimwagike."

Neema alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanipa kalamu na daftari.

"Namba ndiyo isubiri mtandao, siyo maji. Haya, chota tena."