Kiganja Kwenye Tairi

Fundi matairi hajazi upepo kabla ya kuligusa tairi kwa kiganja, kama mzazi anayempapasa mtoto mwenye homa. Likiwa na joto, dereva atasubiri lipoe, apende asipende, maana kipimo kitadanganya, na fundi uongo haupendi hata kidogo. Leo limeingia gari jeupe, ndani yake binti wa kumzaa wa fundi huyo, ambaye hata harusini kwake hakumwalika baba yake, pamoja na mumewe. "Huyu mzee mbona anakukodolea macho? Mnajuana?" mume akauliza. "Nitamjulia wapi fundi matairi mimi?" binti akajibu, akainamia simu yake. Fundi akachuchumaa, akaweka kiganja kwenye tairi la upande wa binti. Lilikuwa baridi kabisa. "Lina joto hili," akasema bila kuinua uso. "Itabidi msubiri."