Uso wa Ghorofa ya Mama

Harufu ya mchanga mkavu ulionyunyiziwa maji hunirudisha Lodwar, likizo ile ya Agosti tulipoilaza nyumba yetu chini kabla ya kuisimamisha. Baba alikuwa mtumishi wa serikali aliyehamishiwa huko kutoka Bungoma. Mama alikuwa mzaliwa wa Lorugum, muuza vitenge sokoni. Walikuwa wamepata kiwanja, na kabla ya kumwita fundi walitaka kuuona uso wa ghorofa yao kwa ukubwa wake halisi. Baba akauchora mchangani: kamba zikawa kuta, mawe yakawa madirisha, nami nikaumwagia maji ili upepo usifute mistari. Mama alipanda nyuma ya pikapu ya jirani, akatazama kwa muda mrefu.

"Baba Nekesa, hiyo roshani imeumeza mlango."

"Roshani ndiyo heshima ya ghorofa," Baba akajibu.

"Heshima gani? Ipunguze. Na madirisha ya juu yakae sawasawa juu ya yale ya chini, yasitawanyike kama mbuzi. Yawe mafupi kidogo, nyumba isituinamie."

Baba alinung'unika, lakini alisogeza mawe. Mlango ukaja katikati, nafasi zikalingana, na hata mimi mtoto nikaona uso umetulia. Tukalala chali humo ndani, kila mtu penye dirisha la chumba chake, tukiitana na kucheka.

Mama aliugua kabla ya mvua. Alipofariki tulikuwa tumejenga chini tu. Baba akaezeka mabati, na kwa miaka mingi hakutaka kusikia habari za juu.

Mwaka jana, baada ya kuwachorea watu ramani za nyumba huko Kakuma kwa muda mrefu, nilimwomba tuimalizie. Fundi alitaka nguzo nene na roshani pana, mtindo wa siku hizi. Baba, akiegemea mkongojo juani, akakataa.

"Mwenye nyumba hakuitaka hiyo. Na dirisha lile la juu lipunguze kidogo."

Fundi akanigeukia, akidhani mwenye nyumba ni mimi. Nikachukua penseli, nikalipunguza dirisha.

Sasa imekamilika. Waendesha bodaboda hupunguza mwendo kuitazama, hutusalimu "ejok" na kuisifu. Baba bado hulala chini. Mimi nikija Ijumaa hulala juu. Utotoni nilitamani kukua haraka niishi ghorofani. Leo nalala humo, na ninachotamani ni saa moja tu ya kuwa mdogo, Mama akiwa hai.