Maji Niliyoyageuza Lukuledi

Kuna msimu mmoja, mwanangu, ambao haunitoki. Nilitoka kwetu Chilangala, kule Newala, bila mpango wowote, begi la nguo mbili begani. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano, na kilichonisukuma ni hamu ya kuona tu. Nikadandia lori la korosho hadi Masasi, na kesho yake nikafika Lukuledi. Mwenyeji mmoja wa pale, Mama Fidelisi, akanipa kazi ya kupalilia chini ya mikorosho yake, pamoja na mahali pa kulala stoo.

Kwetu juu, maji ni shida. Tunakinga ya mvua kwenye bati. Yakiisha, tunayafuata bondeni. Kwa hiyo nilipouona mfereji wa mawe, umeota majani, unapitisha maji nyuma ya nyumba za zamani kuelekea mtoni, roho iliniuma. Maji yote hayo yapotee? Mama Fidelisi alipokwenda Masasi, nikachimba shimo uani kwake, nikabomoa ukingo wa mfereji upande mmoja, nikang'oa na majani ili maji yaje upesi. Nilitaka arudi akute zawadi. Sikumuuliza mtu.

Mvua ikanyesha mchana. Shimo lilijaa kabla sijamaliza kufurahi. Maji yakafurika, yakaingia kwa jirani, Mzee Nestori, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma aliyoijenga babu yake. Matofali yale yalishikwa kwa udongo, na udongo ukaanza kuyeyuka chini ya chumba alichoweka mbegu za karanga za msimu ule. Mimi na Mzee tuliwahi kutoa gunia moja. Ukuta ukaanguka, la pili likabaki chini yake.

Nikaenda kuchukua begi langu.

"Shikamoo, Mzee. Nisamehe. Naondoka."

"Marahaba. Unakwenda wapi? Ninyi watu wa Newala mkiona maji mnataka kuyaoa!"

Majirani wakacheka. Mimi sikuweza.

"Yale majani uliyoyaona uchafu ndiyo breki," akasema. "Yakiwepo, maji yanatembea. Ukiyang'oa, yanakimbia. Weka begi chini. Chumba cha mwanangu kiko wazi, utalala humo mpaka ukuta usimame."

Nilikaa kwake msimu mzima. Kwanza tulirudisha mawe ya mfereji na kupanda majani kingoni, ndipo tukafyatua matofali. Karanga alipanda nusu shamba mwaka ule, na mimi nilipalilia nikijua kwa nini ni nusu.

Sasa sikia, mwanangu. Siku hizi mnamwaga zege uani, mnafukia mifereji ya wazee mpate kujenga fremu za maduka. Kabla hujaugusa mfereji, waulize wakazi wa hapo maji yake yataishia kwa nani. Ukitaka ya kuhifadhi, kinga ya bati lako mwenyewe, na shimo lako ulitengenezee njia ya kutolea ziada. Na siku utakayomharibia mtu, usitoroke, baki utengeneze.

Mungu akupe nguvu ya kujenga ulichobomoa. Na huko ugenini uendako, akukutanishe na mtu kama yule, aliyenionyesha kitanda kabla hajanikabidhi koleo.