Zamu ya Mjomba Dirishani

Mjomba wangu, afisa wa idara ya utumishi wa umma, alikuwa hajamhudumia mwananchi kwa miaka mingi. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, nyuma ya mlango unaojifunga wenyewe. Ni mtu mpole, nadhifu na mwenye haya kupindukia. Hata dukani humtuma mkewe.

Kisha akatumwa kulinganisha mageuzi ya utumishi katika nchi tatu. Ya kwanza, alitusimulia mezani, huwapima watumishi kwa mitihani. Ya pili huwahamisha mara kwa mara, wasiote mizizi. Ya tatu ndiyo iliyomteka moyo: humo kila mkubwa hukaa dirishani siku moja kwa juma, akihudumia watu mwenyewe. Akapendekeza tuige hiyo.

"Vyema, Bwana Utaratibu," mkurugenzi alimjibu. "Anza wewe. Ukishindwa, pendekezo tunalizika."

Jioni hiyo alimsimulia mkewe.

"Umelikoroga, utalinywa," mkewe alimtania. "Haya, mimi mwananchi. Nimepoteza cheti. Nisaidie."

"Kwa mujibu wa kanuni..."

"Wee! Watakurushia kiatu!"

Siku ya zamu yake mimi, fundi wa umeme, nilikuwa kwenye ukumbi wa idara, juu ya ngazi, nikibadilisha nyaya za taa. Wa kwanza alikuwa bibi mwenye mkongojo. Kabla hajamaliza kusalimu, mjomba alimweleza, kwa ufasaha na kwa kirefu, vielelezo vyote vya kila aina ya ombi.

"Umesema vizuri, mwanangu," bibi akajibu. "Nami nilitaka kuuliza choo kiko wapi."

Foleni ikaangua kicheko. Mjomba akafunga dirisha, akatoka, akamshika bibi mkono na kumpeleka mwenyewe. Walipokawia, kicheko kikageuka manung'uniko.

"Jamani, kaenda kukijenga?" mtu mmoja akauliza.

Kutwa nzima alifanya kazi polepole, jasho likimtiririka, lakini hakuna aliyeondoka bila jibu. Wakati wa kufunga mkurugenzi alishuka.

"Umehudumia nusu tu ya idadi ya kawaida ya watu. Tuzike?"

Sikuwahi kumsikia mjomba akimpinga mtu.

"Tusizike, mzee. Kibao cha choo tulikitundika ghorofani, ambako hakuna mwananchi afikaye. Miaka yote hii nakipita tu. Kule juu nani angeniambia?"

Mkurugenzi alicheka hadi akashika ukuta. "Basi Jumatatu ni zamu yangu. Utakaa kando yangu?"

"Hapana, mzee," mjomba akasema. "Nitapanga foleni na wananchi."