Mpangaji wa Chumba cha Saba

Wifi yangu alipokea simu za hospitali kwa miaka ishirini na sita. Alikaa kwenye kijumba cha vioo karibu na mlango mkuu, akiwaunganisha watu na wodi, maabara na chumba cha maiti, na sauti yake haikubadilika hata siku moja. Waliompigia wengi hawakuijua sura yake. Daktari mmoja mgeni alimposa kwa simu, akaja kumwona, kisha akasingizia kwamba alikuwa anatafuta njia ya kwenda famasi. Wifi alikisimulia kisa hicho mwenyewe, akicheka mpaka anashika mbavu.

Hospitali ilipoweka mashine ya kujibu simu, akastaafishwa. Hakuwa na mume wala mtoto, na kaka yake, yaani mume wangu, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nikamwambia ahamie kwangu. Sikutaka watu waseme kwamba ukoo wetu umemwacha mwanamke azeekee kwenye chumba cha kupanga.

Miezi ya kwanza alizunguka nyumbani kama kuku aliyehamishwa banda. Kisha rafiki yake muuguzi akamwonyesha mchezo wa mtandaoni unaochezwa kwa kuandika. Kila mchezaji anabuni mhusika wake, anaandika anachosema na anachofanya, na wengine wanamjibu kupitia wahusika wao. Hakuna anayeshinda. Haukupita muda wifi akaanzisha mchezo wake: nyumba ya kupanga yenye vyumba kumi na viwili, na yeye ndiye mwenye nyumba. Ndani ya mwaka alikuwa na wachezaji arobaini. Mmoja wao alikuwa mke wa mfamasia, jirani yetu wa mlango wa pili, ambaye hajawahi kusikia jambo akalimeza bila kulitafuna mbele za watu.

"Wifi," nilimwambia, "mwanamke mzima unacheza baba na mama na watu usiowaona?"

"Nimeongea na watu nisiowaona maisha yangu yote, wifi. Tofauti ni kwamba hawa hawaniulizi wodi."

Baadaye ugomvi ukaingia. Mchezaji mmoja alimuua mhusika wa mwenzake bila kumuuliza. Mwingine alimleta bosi wake mzima mzima, na kipara chake, akamfanya mwizi wa kuku. Wifi akaona lazima ziwepo kanuni, na akanijia mimi, kwa kuwa nimefundisha sekondari miaka thelathini na nimesahihisha mitihani ya taifa.

"Kanuni ninazo," alisema, "lakini zimekaa kama nguo chafu kwenye beseni. Nipangie."

Tukakaa mezani Jumamosi asubuhi, yeye na kompyuta, mimi na kalamu nyekundu. Kanuni zake hazikuwa mbaya. Mtu asimsemee mhusika wa mwenzake. Mtu asiingie chumba cha mtu bila kubisha na kuitikiwa. Mhusika asife bila ridhaa ya aliyembuni. Mhusika asiye na kasoro asipokelewe.

"Hii ya kasoro ya nini?" nikauliza. "Watu wema wapo."

"Wapo makaburini. Soma wasifu wa marehemu yeyote."

Sikucheka. Wasifu wa kaka yake niliuandika mimi.

Kanuni ya tisa ni yangu. Niliandika kwamba mhusika asitokane na mtu halisi, aliye hai au aliyekufa, na akithibitika atolewe. Na kwa kuwa nimesoma rufaa za uongo mpaka macho yakachoka, niliongeza kwamba mlalamikaji aeleze mbele ya wachezaji wote ni mtu gani, na ataje mambo yasiyopungua matatu yanayofanana.

Wifi aliisoma mara mbili. "Hii ina makali."

"Kanuni butu ni ushauri tu."

Akaibandika. Mchana huo, nikitaka kuona kama kanuni zangu zinatosha, nilifungua mchezo wenyewe na kuanza na chumba kilichosomwa kuliko vyote, cha saba. Mpangaji wake aliitwa Karani, na aliyembuni ni wifi mwenyewe.

Karani aliondoka kila siku saa moja asubuhi, amevaa suti, ana mkoba. Ndani ya mkoba mlikuwa na gazeti na kitambaa cha viatu, basi. Ofisi ilikuwa imemwachisha kazi. Alikwenda hospitalini, akakaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje mpaka saa kumi, kisha akafuta viatu ambavyo havikuwa na vumbi na kurudi nyumbani. Mkewe hakujua.

Nilisoma nikiwa nimesimama. Mume wangu alikuwa karani mkuu wa ofisi ya bima. Idara yake ilipofungwa alipewa barua, hakuniambia, na kwa miezi kumi na moja akaendelea kutoka asubuhi na mkoba. Alianguka kwenye benchi lile na hakuamka. Katika wasifu niliandika kwamba aliitumikia ofisi yake hadi siku yake ya mwisho, na kwamba mauti yalimkuta alipokwenda kumjulia hali mfanyakazi mwenzake. Ulisomwa mbele ya watu mia tatu, wakwe wa wanangu wakiwa viti vya mbele.

Na hilo la Karani halikuwa baya kuliko yote. Chini yake wachezaji walikuwa wanadai mkewe naye aletwe. Mmoja alimwita kipofu mwenye macho. Mke wa mfamasia aliandika: "Huyo mama anapiga pasi shati la uongo kila siku na haulizi! Naomba nimwandike mimi, nitawachekesha." Kura ingepigwa Jumatatu.

Nilimkuta wifi jikoni anachambua mchele.

"Karani atoke," nikasema.

"Kwa kanuni gani?"

"Ya tisa."

Hakuinua kichwa. "Basi lalamika. Taja mtu, taja mambo matatu."

"Usinifanyie hivyo, wifi. Unajua ni nani."

"Mimi najua. Wewe umejuaje?" Hapo ndipo aliponitazama. "Kaka aliniapisha. Sijamwambia mtu mpaka leo. Nilimweka pale kwa sababu nilikuwa nimebeba peke yangu, na kule hakuna ambaye angemtambua. Nilijua hata wewe ukisoma utaona mgeni tu."

Ningeweza kusema nimemtambua kwa viatu. Lakini nilikuwa bado nasikia lile neno, kipofu mwenye macho, na moyo wangu haukukubali kuitwa mjinga hata na mtu mmoja.

"Nilijua tangu wiki ya pili," nikasema. "Alisahau dawa zake, nikapiga simu ofisini. Wakaniambia hayupo tena."

Mkono wa wifi ukasimama kwenye ungo. "Wiki ya pili."

"Ndiyo."

"Na ukanyamaza miezi kumi na moja?"

"Nilimsubiri aseme mwenyewe. Jambo kama hilo mume ndiye anayelisema. Ningemvunjia heshima."

"Heshima! Kila saa nne nilimpelekea chai pale, namwambia, kaka, sema nyumbani. Ananijibu, yule mwanamke ana jina lake, akijua atakufa kwa aibu. Siku alipoanguka nilikuwa naunganisha simu ya wodi ya wazazi. Nilimwona kupitia kioo, na ilibidi nimalize kusema 'subiri kidogo, mama.'" Sauti yake, ile isiyobadilika, ilikuwa imekatika. "Ungemwambia neno moja, wifi. 'Najua,' basi! Angekaa nyumbani kwake akapumzika."

"Hukuwa ndani ya ndoa yetu."

"Sikuwa. Nilikuwa nje, na yeye."

Akamwaga mchele ndani ya sufuria bila kuuosha, akatoka.

Jumatatu, kabla ya kura, tangazo lake lilikuwa limeshabandikwa. Nimelisoma mara nyingi mno kiasi kwamba silihitaji tena kulitazama: "Mimi mwenye nyumba ndiye ninayelalamika, kwa kanuni ya tisa. Mpangaji wa chumba cha saba ni marehemu kaka yangu. Yanayofanana ni mkoba, benchi na viatu. Chumba kimefungwa. Mkewe hakujua lolote, na ni mwanamke mwema. Asiandikwe na mtu yeyote."

Jumanne mke wa mfamasia alinijia, macho mekundu, akanishika mikono yote miwili.

"Mama, pole. Pole sana. Na mimi na mdomo wangu, nisamehe! Kumbe mwenzetu ulifichwa namna hiyo?"

Wifi alikuwa anaingia kutoka nje na shuka alizozianua. Alisimama mlangoni, shuka zimemfika kidevuni, akanisubiri nijibu.

"Nilifichwa, mwanangu," nikasema. "Sikujua."

Wifi alizikunja shuka zote, moja moja, akazipanga kabatini. Kisha akachukua simu na kumwuliza muuguzi kama chumba chake cha nyuma bado hakijapata mtu.