Paka Aliyesemwa Anacheka

Fundi Mkasi, binti wa mshona magodoro, mjukuu wa mkunga aliyewapokea nusu ya watoto wa mtaa ule, mwenyewe alikuwa mshona sare za shule na, ikibidi, sanda. Jina la Mkasi alipewa na majirani, kwa kuwa ulimi wake ulikata bila kunolewa.

Alikuwa akimlea binti wa bintiye, na mjukuu naye akilea mtoto wa paka aliyeokotwa nyuma ya duka la vitambaa. Walimwita Kipande. Kila alasiri mjukuu aliburuta utepe chini ya cherehani, Kipande akaukimbiza mpaka akajibwaga sakafuni, mdomo wazi, ulimi nje, mbavu zikipanda na kushuka.

"Mtazame, anacheka," Fundi Mkasi alisema mara ya kwanza.

Neno likakaa. Tangu hapo mjukuu hakuacha kuburuta utepe mpaka Kipande acheke.

Siku moja Kipande aliruka mara moja tu, mdomo ukafunguka.

"Bibi, leo amecheka mapema."

Fundi Mkasi aliendelea na kola yake. Alipoimaliza, mdomo ulikuwa bado wazi. Akainama, akainua mdomo wa juu kwa kidole. Ufizi ulikuwa na rangi ya majivu.

"Huyu hacheki, mke mwenzangu. Anatweta."

Walimbeba kwenye kapu hadi kwa daktari wa mifugo. Akamsikiliza kifua kwa muda mrefu.

"Mama, mtoto wa paka akicheza sana anaweza kutweta kidogo, lakini akitulia penye ubaridi, mdomo hufungwa upesi. Huyu anaishiwa pumzi kwa mruko mmoja. Moyo wake una kasoro ya kuzaliwa. Dawa itamsogeza mbele, ila kumponya, haitamponya."

"Na kule kumchezesha?"

"Hakukuleta ugonjwa. Ila kumemchosha mno. Msimkimbize tena."

Nyumbani, mjukuu alikaa juu ya rundo la sare.

"Kwa hiyo nilikuwa namuua?"

Fundi Mkasi, aliyezoea kujibu kabla mtu hajamaliza kuuliza, alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena.

"Ugonjwa alizaliwa nao. Neno lile nililishona mimi, wewe ulilivaa tu."

"Atakufa?"

"Atakufa. Lini, sijui." Jibu hilo hakulitia lesi.

Mtoto akalia. Bibi akamwacha alie mpaka kwikwi zikapungua, kisha akamvuta kando ya kapu.

"Sasa usinilowanishie sare za watu. Kazi yako ni hii. Akilala, mtazame ubavu, usimguse. Ukiona anahema kwa shida, au mdomo umefunguka naye amelala, njoo uniite. Hata nikiwa na mteja, niite."